Noah ya Salvatory Iliyogoma Kuzima Taa

Mjukuu wangu Salvatory namwita mume wangu, maana ndivyo bibi na mjukuu wanavyotaniana huku kwetu Mapera. Yeye huniita mke wangu mkubwa, ingawa mke mdogo alikuwa bado hajampata. Habari hii ni ya kumtafuta huyo mdogo, na ni ya taa za gari. Nitaisimulia ilivyokuwa, na pale nitakapozidisha chumvi mtaionja wenyewe.

Salvatory ana gari la abiria, Noah nyeupe aliyoinunua kwa kahawa ya mwaka ule kahawa ilipotuonea huruma. Alikusudia kubeba watu walio hai. Nasema hivyo makusudi. Hajamaliza hata wiki barabarani, mzee Wilfred, katekista wetu mstaafu, akafia hospitali ya Litembo kwa uzee wake tu. Mvua ilikuwa imeifanya njia kama uji na wenye magari walijificha. Salvatory akaombwa, akang'oa viti vya nyuma, akaenda.

Sasa yeye ana tabia moja. Anamwambia marehemu njia. "Babu, hapa tunakata kona ya kulia. Babu, tunavuka mto, maji ni machache." Anasema mtu anayerudishwa nyumbani akiwa amelala haoni anakopita, si vizuri kumpeleka kimya kimya kama gunia. Walipofika, mjane wa Wilfred alifunua shuka, akatazama, akasema mzee wake hakusogea hata unywele. Maneno hayo yalipanda milima yote ya Umatengo bila nauli. Tangu hapo, akifa mtu hospitalini au kwa shemeji yake au kwenye shamba la kahawa, simu inayopigwa ni ya Salvatory.

Na utamkataliaje mfiwa? Amesimama mlangoni kwako, macho mekundu, hana gari. Salvatory hakuwahi kumkatalia hata mmoja. Lakini walio hai wakaanza kumkimbia. Pale stendi ya Mbinga akina mama wenye vikapu walikuwa wakichungulia kwanza.

"Leo kuna mtu humo?"

"Hakuna, mama. Panda."

"Na jana?"

Hapo Salvatory alinyamaza, kwa sababu kudanganya hajui. Kipaji hicho katika ukoo wetu kiliishia kwangu.

Hata kitasa cha ndani cha mlango wa kuteleza kilipovunjika hakukitengeneza. Ulifunguliwa kwa nje tu. Nilipomuuliza akajibu kwamba wanaolala nyuma hawajawahi kumwomba awafungulie. Alilisema bila kucheka. Kisha siku moja, tunaanika kahawa, akaniambia, "Bibi, nimefungwa. Nikikataa nina dhambi, nikikubali sina abiria. Usukani nimeushika mimi, lakini naona kama mimi ndiye niliyelazwa kule nyuma."

Mtu pekee mwenye uhai aliyekaa kiti chake cha mbele bila kuuliza habari za jana alikuwa Luisa wa Mbamba Bay, yule binti anayekausha usipa, vile visamaki vidogo vya ziwani, na kuvipandisha Mbinga sokoni. Mara ya kwanza kukaa kiti kile, nyuma alikuwa amelala mama yake. Kutoka Litembo mpaka ufukweni alimsikia Salvatory akimwambia mama yule kila kona, kila daraja, kwa sauti ya kumbembelezea mtoto. Baada ya arobaini, Luisa alirudi kushukuru. Kisha akarudi kushukuru tena. Shukrani zilipozidi tukaelewa.

Shida ilikuwa baba yake, mzee Joakim. Kwenu sijui, lakini huku gari likipita mchana na jua lake huku taa kubwa zinawaka, ni gari la msiba. Mtu huvua kofia. Bodaboda hupunguza mwendo. Hakuna anayelipita, na mbele au nyuma yake utaona limefungwa tawi bichi. Mzee Joakim alituma neno, nasi tulilipokea hivi: "Kijana simchukii. Lakini gari lile liliingia uani kwangu saa sita mchana, taa zinawaka, likanishushia mke wangu. Akitaka kuposa na aje mchana uleule, taa zikiwa zimezimwa. Nikiziona zinawaka nitafunga mlango, na asirudi tena."

Salvatory alimjibu Luisa kwamba taa ni jambo dogo, na kwamba akishapewa mke atawaambia wafiwa wote watafute gari lingine. Kubeba maiti ilikuwa basi. Alinikamata mkono akaniapia na mimi. Nilifurahi, ingawa nilijiuliza nani basi atanibeba mimi.

Siku ya posa tuliondoka asubuhi. Mbele alikaa Raimundi, mwanangu mkubwa, ndiye mshenga. Katikati nilikaa mimi na kitenge changu cha Pasaka. Nyuma kabisa, pale pasipo viti, alijilaza binti yangu Aurelia, shangazi yake Salvatory. Aurelia huanza kutapika gari likiwa bado limezimwa, kwa hiyo alitandika mkeka, akajifunika khanga mpaka usoni, akafumba macho.

Ukungu wa asubuhi ile, wanangu, ulikuwa mzito kiasi kwamba jogoo wa jirani aliwika akapaliwa. Raimundi alitoa mkono dirishani kuonyesha shimo la barabarani, na mkono hatukuuona tena mpaka mteremko wa chini. Salvatory akawasha taa. Alikuwa amefunga globu kubwa, kali, za kutoboa ukungu. Zilitoboa ukungu, zikatoboa migomba ya watu, zikawaamsha popo upande wa pili wa mlima.

Tulipotokea kwenye jua akazungusha ncha ya ule mkono wa taa ulio kuliani kwa usukani. Akaniambia nichungulie kibao cha barabarani kama kinang'aa.

"Taa zimezimika, bibi?"

"Zinawaka."

"Sasa je?"

"Zinawaka, mume wangu."

"Na sasa?"

"Zinanitoa machozi."

Alizungusha mbele, akazungusha nyuma. Mkono ulizunguka vizuri tu, laini, kama mtu anayekuitikia ndiyo ndiyo huku hakusikilizi. Akasimamisha gari akachomoa funguo. Injini ikanyamaza, taa zikaendelea kuwaka. Akawasha injini upesi, maana taa zile zingeimaliza betri tungali tunasali.

"Ni hao unaowabeba," alisema Raimundi. "Wamezoea."

"Baba mkubwa, usianze."

"Si uchomoe fyuzi?" Sauti ya Aurelia ilitoka chini ya khanga.

"Nikichomoa, shangazi, ule ukungu wa kona za mbele nitauonea nini?"

Basi tukaenda hivyo hivyo, kumtafuta fundi Mbinga. Na hapo ndipo watu walipoanza.

Wa kwanza alikuwa mzee mwenye jembe begani. Akavua kofia akaishika kifuani. Kisha wanawake waliokuwa wakichuma kahawa walisogea barabarani wakaweka mikono kichwani. Ikaja bodaboda kwa nyuma, ikataka kupita, ikaona taa, ikarudi nyuma, ikawasha ya kwake. Ikaja nyingine. Likaja lori la mahindi. Hakuna aliyetupita. Salvatory akitaka kukimbia ili awaache, watu watauliza ni dereva gani huyo asiye na adabu anayekimbia na maiti. Akienda polepole, msururu unarefuka. Jasho lilimtiririka shingoni na madirisha yote yalikuwa wazi.

Kwenye tuta, mama mmoja alisogea dirishani kwangu. "Poleni jamani. Nani ametutoka?"

Salvatory alifungua mdomo amwambie kweli. Ila mimi mdomo wangu uko karibu zaidi.

"Mtu mkubwa, mwanangu. Jina lake hatulitaji njiani."

"Mama, umefanya nini?" aliuliza Raimundi tulipolivuka tuta.

"Nilitaka tu kuona uso wake."

Uso huo ulikimbia na habari mbele yetu mpaka mjini, na sijui ulipitia njia gani. Tulipoingia Mbinga maduka yalikuwa yamefungwa nusu mlango. Wanakwaya walikuwa wamesimama kwa sauti zao nne. Watu walitufuata hadi gereji ya Twaha nyuma ya soko, wakaizunguka Noah ile kama siafu. Mtu mmoja akapitisha kuku hai kwenye dirisha la Raimundi, rambirambi, akapokezwa mpaka mapajani mwangu. Kuku wa pole haukataliwi. Nikamkumbatia.

Twaha ni fundi umeme wa magari. Babu yake alifika huku na nguo za kuuza, akitokea pwani, na adabu ya pwani bado wanayo nyumba nzima. Aliacha kazi, akafuta mikono, akaja.

"Shikamoo bibi. Poleni sana. Salvatory, ndugu yangu, mpeleke marehemu kwanza, gari tutalitazama jioni."

"Hakuna marehemu, Twaha. Mkono wa taa umegoma kuzima."

Twaha alichungulia nyuma. Aurelia alikuwa amelala chali, khanga usoni, vidole vya miguu vimetazama juu.

"Na huyo?"

"Shangazi. Anatapika."

Twaha alimtazama Salvatory, akanitazama mimi na kuku wangu, akaamua kufungua boneti.

Alichomoa kidude cheusi cha mraba, rilei ya taa, na taa zikazimika papo hapo. Watu wakashusha pumzi, wanakwaya wakadhani sala inaanza. Raimundi alipiga kofi gotini. "Imekwisha. Twende kwa wakwe."

"Bado, mzee," alisema Twaha. "Hapo nimezikata tu. Mlima wa kushukia ziwani mtaushuka bila taa na ukungu ule? Mtakuwa msiba wa kweli."

Akachukua rilei ya honi, iliyofanana na ile kama pacha, akaipachika mahali pa ile ya taa. Taa zikawaka tena. "Basi rilei si mgonjwa. Tuingie ndani."

Akapiga magoti mlangoni kwa dereva, akafungua skrubu za kifuniko chini ya usukani. Kilipotoka tu, ikatoka na harufu, ile ya kitana kilichoangukia jikoni. Akachomoa soketi ya mkono wa taa. Taa zikazimika. Akairudisha. Zikawaka. Alifanya hivyo tena ili Salvatory aone kwa macho yake.

"Ugonjwa uko humu. Si wafu, si uchawi."

"Baba mkubwa amesikia?" alisema Salvatory. Raimundi akatazama paa la gereji.

Twaha akafungua waya wa betri, akalegeza skrubu mbili, akauvuta mkono ule kwa ubavuni ukatoka wote. Alipoupasua, ndani plastiki ilikuwa imeyeyuka kama sukari, na vile vipande vya shaba vinavyotakiwa kugusana na kuachana vilikuwa vimeshikana moja kwa moja. Ndiyo maana nje ulizunguka na ndani hakuna kilichoachia.

"Globu kubwa hizi umezipata wapi?"

"Nilipewa na wafiwa. Walisema ni asante, niwe naona vizuri nikiwa na mtu wao."

"Gari hili halikutengenezewa globu hizo. Umeme wake wote unapitia kwenye mkono huu mwembamba, na wewe unaziwasha kutwa, jua linawaka na taa zinawaka. Umejipika wenyewe."

Salvatory alicheka, na mimi kicheko kile sikukipenda. "Hata asante zao zinanishika," alisema.

Uani kwa Twaha kulikuwa na Noah moja iliyopinduka zamani, mgongo chini, ambayo majani yanaila kidogo kidogo. Alikwenda akajipenyeza ndani yake, tukaona nyayo zake tu. Akarudi na mkono wa taa. Matundu ya soketi yakalingana. Akaweka kile kipimo chake kinacholia: ukiuweka pa kuwasha kinalia, ukiuweka pa kuzima kinanyamaza.

"Pima tena," alisema Salvatory.

Kikalia, kikanyamaza.

"Tena."

"Salvatory, huyu hana kiburi. Ananyamaza anapoambiwa."

Wakati wao wanapima, sisi tulikuwa tunaiva. Betri imefunguliwa, vioo vya nyuma ni vya umeme na tulikuwa tumevifunga watu walipotuzingira, jua limesimama juu ya bati, na mlango haufunguki kwa ndani. Watu walikuwa wameegemea vioo wakituombea. Nilipiga kioo kidogo, mama mmoja akanipigia na yeye kwa upande wa nje, taratibu, kunifariji. Pumzi niliyovuta ilikuwa imeshavutwa na kuku. Hapo nilielewa kidogo maneno ya mume wangu. Unawaona watu, wanakuona, wanakupenda hata, na hakuna anayefungua.

Ndipo Aurelia alipoinuka. Aliinuka yote mara moja, khanga ikiwa bado usoni, akapiga kioo kwa viganja viwili.

"Nifungulieni. Nina kiu."

Sitasema mengi. Muuza nyanya alikimbia akaacha viatu, na viatu vikamfuata baadaye. Yule wa sauti ya nne kwenye kwaya alionekana Songea. Lori la mahindi liligeuza mahali ambapo baiskeli haigeuki. Uwanja ulibaki mtupu, isipokuwa bodaboda moja na mwenye nayo, mwanamume wa makamo mwenye kitambi aitwaye Glorious, ambaye kwa miaka mingi hajala chakula cha mchana nyumbani kwake kwa sababu ya kuhudhuria misiba.

"Glorious, hakuna msiba," alisema Salvatory. "Nenda nyumbani."

"Nimeona. Umeahirishwa."

"Haupo kabisa. Shangazi huyo, anakunywa maji."

"Sawa, kaka. Mimi sijawahi kuacha shughuli katikati. Nitasindikiza tu."

Twaha akafunga mkono mpya, akarudisha kifuniko, akaweka globu ndogo za kawaida na zile kubwa akazitia mfukoni mwake ili mtu asijaribiwe. Washa, zikawaka. Zima, zikazimika. Nikaona mabega ya Salvatory yameshuka mahali pake kwa mara ya kwanza siku ile.

Kushuka ziwani, ukungu ulitumeza tena kwenye zile kona za kukunjana. Taa ndogo hazikuamsha popo yeyote, ila zilionyesha lami. Gari zima lilikuwa kimya, hata kuku. Salvatory alisahau akasema kwa sauti yake ile, "Kona ya kushoto, kali kidogo," na Aurelia kule nyuma akaanza kusali.

Mara ukungu ukaisha kama umekatwa kwa kisu, na ziwa likawa chini yetu, lote. Salvatory alishika mkono wa taa asiuzungushe.

"Zungusha, mume wangu."

"Naogopa, bibi."

Akauzungusha. Akasimama, akashuka, akaenda mbele ya gari, akaweka kiganja kwenye kioo cha taa kama anayempima mtoto homa. Akahamia ya pili. Zilikuwa zimezimika. Alirudi akitabasamu. Alitazama mbele tu, maana mbele ndiko kuliko na taa. Nyuma hakufika.

Mzee Joakim alikuwa amesimama mlangoni kwake, mkono juu ya macho, amevaa koti. Uani kulikuwa na vichanja vya usipa vinavyong'aa juani. Tuliingia polepole, uso wa gari umemwelekea, taa zimelala. Mzee alitazama kushoto, akatazama kulia, akatikisa kichwa cha ndiyo. Akashuka ngazi moja kuja kwetu. Salvatory, kwa heshima, akageuza gari ili sisi wazee tushukie kivulini, na hapo mgongo wa Noah ukamwelekea mwenye nyumba.

Kwenye bampa la nyuma kulikuwa na tawi bichi. Lilikuwa kubwa na zuri, limefungwa kwa mpira wa tairi, limepepea tangu Mbinga. Na nyuma ya tawi ikaingia bodaboda ya Glorious, taa inawaka, mwenyewe amevua kofia.

Mzee Joakim alipanda ile ngazi moja. Akaingia. Tukasikia komeo.

Sasa tazameni tulivyokuwa. Waposaji hawashuki mpaka wenyeji waje kuwapokea, hiyo ni moja. Mlango wetu haufunguki kwa ndani, hiyo ni nyingine. Salvatory peke yake angeweza kushuka, naye aliushika usukani asishuke wala asiondoke.

"Nikishuka nimelazimisha," alisema. "Nikiondoka nimekubali."

"Piga honi," alisema Raimundi.

"Honi ya nini, baba mkubwa? Ametuona."

Jua la ziwani si kama letu la mlimani. Linapiga toka juu, linarudi kwenye mchanga linapiga toka chini. Kuku alichafua kitenge changu cha Pasaka. Raimundi, aliyekuwa amejifunza maneno ya posa usiku na mchana, alianza kuyasahau kwa sauti, moja moja. Salvatory hakutazama mlango tena, alitazama kile kimkono kipya, akikigusa kwa kidole. "Nilidhani ni hiki tu," alisema. Hakumwambia mtu.

Luisa alitokea upande wa vichanja, mikono imejaa magamba. Aliona gari, akaona mlango wa baba yake, akazunguka nyuma. Tukasikia mpira unakatika. Alilitupa tawi kwa mbuzi, akamwendea Glorious, akazima taa ya pikipiki yake kwa kidole kama anayeua mbu. Kisha akashika mlango wetu kwa nje, akauvuta. Upepo ulioingia ningeunywa.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba, mke mwenzangu. Umechelewa, tumeshaoza."

Hakucheka. Alikwenda mlangoni. "Baba. Ulisema taa. Toka uzitazame."

Komeo halikusogea.

"Taa zimezimwa, baba. Tawi ni la huyu mwenye kitambi, na mbuzi wanalimaliza."

Komeo likatoka polepole. Mzee hakutusalimu. Alilizunguka gari, akafika mlango wa dereva, na Salvatory akashuka mwenyewe kumpisha. Mzee Joakim akakaa kwenye usukani. Akashika mkono wa taa, akauzungusha, mwanga ukagonga ukuta wa nyumba yake. Akazungusha, ukuta ukabaki na jua tu. Akawasha. Akazima. Alifanya hivyo muda mrefu, sisi wote tumesimama kwenye mchanga.

"Kumbe zinazima," alisema.

"Zinazima, baba."

"Siku ile hazikuzimika. Ulishamshusha, ukaondoka, nikaziona zinawaka mpaka kule mlimani."

"Siku ile mkono wa taa ulikuwa mzima. Nilisahau mimi. Nilikuwa nalia."

Mzee aliuachia mkono wa taa. "Luisa anasema ulimwambia njia."

"Nilimwambia kona, baba. Na madaraja. Pale lilipotokea nikamwambia, mama, ziwa hilo."

Mzee Joakim akatazama ziwa, akashuka garini, akatukaribisha ndani. Raimundi aliyasema maneno ya posa yakatoka kinyumenyume, na yalikubaliwa. Kuku nilimkabidhi Luisa kama zawadi ya ukweni, akaliwa kwa ugali, na Glorious alikula paja. Alikotoka kuku huyo hawakuuliza.

Tulipokuwa tunanawa mikono, mzee alimgeukia Salvatory. "Nimekupa binti. Nami nina moja la kukuomba. Siku yangu ikifika, huko nitakakofia, uje wewe. Usimtume mwingine. Uniambie njia."

Nilimtazama mume wangu. Alikuwa ameniapia. Alikuwa amemwapia Luisa. Alifungua mdomo, nikaona kabisa yale maneno yamekaa tayari kwenye ulimi, kwamba kazi hiyo ameiacha leo. Luisa naye alikuwa amesimama na sinia, akimtazama.

"Ndiyo, baba," alisema Salvatory.

Na nani angesema vingine? Lakini mimi niliyeshinda ndani ya Noah ile naujua mlio wa mlango ule ukifungwa kwa nje, na niliusikia pale pale mezani.

Jua likiwa linaelekea ng'ambo tukaanza kupanda mlima. Luisa alibaki hadi siku ya harusi. Simu ya Salvatory iliita kabla hatujamaliza kona ya kwanza. Akaitazama, akaipokea. "Poleni sana," alisema. "Nitakuja kesho asubuhi." Raimundi akajifanya amelala.

Ukungu ulitungoja palepale tulipouacha. Salvatory akazungusha mkono wa taa, zikawaka.

"Bibi," akasema, sauti ile ile, "kona ya kulia."

"Naiona, mume wangu. Bado niko hai. Endesha."